Wifi Aliyeita kwa Sauti Yangu

Kama unasoma haya huku ulimi umeulaza upande mmoja usiguse jino, karibu, tuko pamoja. Najua ulivyokunywa chai leo asubuhi. Umeiacha ipoe mpaka ikashika utando, kisha ukainywa kwa pembe moja ya mdomo, kichwa kimeinama kama kuku anayesikiliza kitu. Najua pia umeshaambiwa kwamba ni joto la mwili, ni uchafu wa tumbo, au kuna mtu uliyemsengenya na sasa mdomo unalipa. Mimi niliambiwa yote hayo, na mengine nitakayoyafikia.

Jina langu ni Hawayu. Nalima mpunga Wema, karibu na Garsen, kwenye bonde ambalo Mto Tana ukijaa hulifunika na ukishuka hutuachia tope la kupandia. Si daktari wala muuguzi, na ukitaka kuelezwa jinsi vitamini zinavyofanya kazi ndani ya damu, umekosea mlango. Ninachoweza kukueleza ni jinsi ilivyokuwa, kwa sababu wakati wangu sikumpata mtu wa kunieleza, nikadhani ni mimi peke yangu duniani ninayelia nikimeza mate. Na nataka umjue wifi yangu Hadhaya, dada ya mume wangu. Bila yeye huenda bado ningepona, lakini ningepona nikiwa sina shamba.

Vidonda vilianza baada ya kumzaa kitindamimba wangu. Kilikuwa kimoja tu, ndani ya mdomo wa chini, cheupe kama punje ya wali, kingo zake nyekundu. Nilikipuuza, kikapona. Mwezi uliofuata vikaja viwili. Baadaye vikawa vinashika zamu: kimoja hakijafunga, kingine kimefunguka, chini ya ulimi, ndani ya shavu, kwenye ufizi, mahali ambapo hukujua kama pana ngozi mpaka pachubuke. Nilisukutua maji ya chumvi. Nilipaka asali. Nilipaka ile dawa ya zambarau kutoka duka la dawa Garsen, nikawa natembea na meno ya zambarau, watoto wakinicheka na mimi siwezi kucheka nao kwa sababu kucheka kunapasua.

Sasa hapa ndipo tulipokosea, na nakuomba usitucheke sana. Kwa wanawake wa kijiji chetu, mtu mwenye vidonda huwekewa mwiko wa kambare. Kambare hana magamba, ana ngozi tupu inayoteleza, na inasemekana huamsha kidonda kilicholala. Mama mkwe aliniambia hivyo kabla hajafariki, naye alikuwa mtu wa kuaminika, nikaacha kambare. Vidonda vikaendelea. Jirani akasema labda ni samaki wote, nikaacha samaki wote, mimi niliyekulia ukingoni mwa mto. Yakafuata mayai, kwa sababu mayai nayo ni joto. Ikafuata nyama, ambayo hata hivyo kwetu si ya kila siku. Maziwa yalikuwa yameshaadimika tangu ukame ulipowafanya wafugaji wahamishe ng'ombe. Matunda yalichoma, mboga yenye limau ilichoma. Mwiko ulianza na kitu kimoja kisha ukaita ndugu zake. Mwishowe nilibaki na uji mweupe, wali mtupu na chai ya rangi, na niliufuata huo mwiko kwa utiifu zaidi ya miaka miwili, nikijisifu kwamba angalau mimi najua kujitunza.

Mwili ukawa unabadilika polepole, hata mwenyewe nikachelewa kuuona. Ulimi ulipoteza ile ngozi yake ya kukwaruza, ukawa laini, mwekundu, unang'aa kama kitu kilichomenywa. Pembe za mdomo zilipasuka, nikipiga miayo zinavuja. Viganja vilipauka. Nikipanda kutoka mtoni na ndoo, ilinibidi nitue njiani nishike magoti nipumue, na mtoto wa jirani mwenye ndoo kubwa kuliko yangu ananipita akinipa shikamoo. Nyayo zilishikwa ganzi, nikikanyaga mwiba naujua baada ya kuona damu. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilikonda, kanga ikawa inanizunguka mara nyingi kuliko zamani.

Na mtu akikonda huku ana vidonda mdomoni, watu hawangoji daktari. Siku hizi hawautaji ugonjwa kwa jina, husema tu "ule". Bombani maneno yalikuwa yakikatika nikifika, kisha mtu anaanza kuzungumzia bei ya unga. Mume wangu Jilo, ambaye anaendesha bodaboda Garsen, akaanza kulala sebuleni akisema chumbani joto limezidi. Joto lilikuwa lile lile la miaka yote. Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa, sina hata mdomo wa kumgombeza, na kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu ya peke yake, maana mimi nimezaliwa na maneno.

Siku moja nikamwambia, neno moja moja kwa sababu ya maumivu, "Tukapimwe. Sote wawili."

Akatazama pikipiki yake. "Na ikipatikana?"

"Basi tutajua."

Tulienda Garsen, tukakaa kwenye benchi moja bila magoti kugusana, tukapimwa, na sote wawili tukaambiwa hatuna. Jioni ile Jilo alirudisha mto wake wa kulalia chumbani. Nilifurahi, kisha nikajikasirikia kwa kufurahi. Vidonda vilikuwa bado viko pale pale, na sasa hakukuwa na yeyote wa kutuambia vinatoka wapi.

Mwaka ule masika yalikuwa mazuri. Mto ulijaa ukapungua kwa wakati wake, tukapanda, mpunga ukaota kijani kiasi kwamba hata mimi niliyekuwa nimechoka nilisimama kuutazama. Lakini kwa asiyejua mpunga, kazi ngumu haiko kwenye kupanda. Iko pale punje zinapotia maziwa, na wale ndege wadogo wa nafaka wanapokuja makundi kwa makundi. Kuanzia kabla jua halijatoka hadi linapozama lazima kuwe na mtu juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba. Ana kombeo la kurushia vidonge vya tope, na zaidi ya kombeo ana sauti.

Upande wetu wa bonde kila shamba lina mwito wake. Mwanamke akipewa shamba hujitungia mwito wa kufukuzia ndege, na ule ni wake, mwingine hauchukui. Wangu ni mwembamba, "Nawaonaaa, nawaona-hee," unapanda mwishoni kisha unakatika ghafla. Msichana ambaye hajapewa shamba huita kwa mwito wa mama yake. Alfajiri ukitega sikio unajua nani ameshafika na nani bado, na ukiukosa mwito wa mtu unaenda kuangalia, huenda kuna nyoka au kiboko. Na kabla ya kila msimu, Baba Mdogo Komora, mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, anapogawa mashamba ya ukoo, huwauliza majirani msimu uliopita walisikia mwito wa nani pale. Aliyesikika anaendelea na shamba lake. Asiyesikika hupokonywa, akapewa mwingine mwenye nguvu, kwa sababu shamba lisilolindwa huwakaribisha ndege kwa bonde zima. Ni haki, na mimi mwenyewe nimewahi kuiunga mkono ilipowapata wengine.

Asubuhi ya kwanza nilipanda dunguni, nikavuta pumzi, nikaita. Kilichotoka kilikuwa mlio wa bawaba isiyo na mafuta. Ndege hawakuinua hata kichwa. Niliita tena, vidonda vya shavuni vikapasuka, nikatema mate mekundu juu ya majani. Nilirusha tope mpaka bega likafa. Siku ya pili na ya tatu zikawa hivyo hivyo, na masuke ya pembeni yakaanza kubaki makapi.

Haluwa, ambaye shamba lake na langu yanatenganishwa na mfereji, alikuja akasimama chini ya dungu. Ni mtu mzima, wa makamo ya mama yangu, na hana ubaya. "Hawayu, ndege wako wanafungua kinywa kwako asubuhi, mchana wanakuja kumalizia kwangu. Nakuonea huruma, mwanangu, lakini nami nina watu wa kulisha."

Jioni akaja Baba Mdogo Komora. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu. "Hali yako tunaiona, mama. Hakuna anayekulaumu. Lakini Hadhaya yuko nyumbani, hana shamba, na mapafu anayo. Tufikirie."

Hadhaya ndiye yule wifi niliyekutajia. Alikuwa ameolewa Tarasaa, kwa mtu mwenye duka dogo kando ya barabara ya Malindi. Aliondoka kwao msichana, akiwa bado anaita kwa mwito wa mama yake, na huko dukani hakuna mpunga wa kulinda, kwa hiyo hakuwahi kuwa na shamba wala mwito wake mwenyewe. Mume alipofariki, shemeji zake walichukua duka kabla hata tanga halijaanuliwa, naye akarudi kwa kaka yake, yaani kwetu, na watoto wawili na godoro. Ni mwanamke mkubwa, mwenye kicheko cha kutisha mbuzi, na utani wake hauna breki. Aliniita "bubu wa kaka yangu". Nilimjibu kwa kugonga sufuria. Mimi na yeye tulijua kwamba anahitaji shamba, na kwamba lililo karibu kumwangukia ni langu. Tulipikiana, tukasukana nywele, na jambo hilo likakaa katikati yetu kama mgeni asiyetaka kuaga.

Kesho yake asubuhi alikuja dunguni. "Wifi, shuka."

"Shamba langu," nikasema, au nilijaribu kusema.

"Kuna mtu amekuuliza ni la nani? Shuka. Unatema damu juu ya mpunga, na huo tutakuja kuula. Kaka anakupeleka Malindi leo. Hapa wameshakupa zambarau yote waliyonayo."

"Na ndege?"

"Ndege niachie mimi."

Nilishuka. Miguu ya ganzi ilitafuta vijiti vya ngazi bila kuviona, naye akanishika kiuno akanitua chini kama mtoto. Njia yote nilifikiri jambo moja tu: shamba limekwenda. Atakaa pale juu msimu mzima na sauti yake ile, atajitungia mwito, na Baba Mdogo akiuliza, jibu litakuwa Hadhaya. Sikumchukia. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Lakini nililia nyuma ya mgongo wa Jilo kutoka Wema hadi stendi ya Garsen, na machozi yalipofika kwenye pembe za mdomo, chumvi yake ikachoma.

Malindi nilifikia kwa binti ya shangazi yangu, na kila asubuhi nilikwenda kukaa kwenye benchi la kliniki. Nataka nikuambie kuhusu mabenchi, kwa sababu ugonjwa huu sehemu yake kubwa ni benchi. Unakaa, unasogea kidogo, unakaa. Kila anayekuja anasalimia, na wewe ambaye salamu ni mateso unatikisa kichwa, wanadhani unaringa. Siku ya kwanza alikaa karibu nami mama mmoja wa Kiorma, amemleta mume wake aliyevimba mguu. Sisi wakulima na wao wafugaji tumekuwa na miaka mibaya ya kugombania maji na malisho, nami nilikaza mabega nikatazama ukutani. Alinisalimia, akaona ninavyomeza mate, akafungua chupa yake akanimiminia kikombe.

"Kunywa. Ni maziwa ya leo, hayajaganda, hayana sukari. Hayachomi."

Nikamwonyesha kwa mkono na maneno mawili matatu kwamba nina mwiko wa vyakula.

"Hata maziwa?" Alimgeukia mumewe akamtafsiria, na yule mzee mwenye mguu uliovimba akacheka mpaka akajishika paja. "Anasema aliyekuwekea mwiko huo alikuwa anamtamani ng'ombe wako."

Nilikunywa. Yalipita juu ya vidonda bila kugusa popote, baridi, mazito, na mimi niliyekuwa nimesahau kwamba kitu kinaweza kupita kinywani bila vita nilifunika uso kwa kanga. Akamimina kikombe cha pili bila kuniuliza. Walipoitwa ndani aliniachia chupa nishike mpaka watoke. Sijui jina lake, lakini bado namwombea.

Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyotarajia. Alitazama ulimi, akageuza viganja vyangu, akavuta kope ya chini ya jicho akachungulia. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza kwa miaka yote ile: "Unakula nini, mama?"

Nikamhesabia. Orodha ilikuwa fupi, haikunichosha.

"Unatoka mtoni. Samaki je?"

Nikamweleza mwiko wote, kuanzia kambare. Nilingoja acheke au anigombeze. Hakufanya lolote kati ya hayo, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema, "Mlikuwa mnatafuta kinachokuumiza, si vibaya. Ila mmeondoa vile vile vitu ambavyo mwili unaviomba." Akanipeleka kutolewa damu. Majibu yalipokuja, damu ilikuwa pungufu, madini ya chuma yalikuwa chini, na vitamini B12 ilikuwa karibu haipo kabisa. Alinisisitizia jambo ambalo nami nakusisitizia: si kila vidonda vya mdomo ni vya hivi. Kuna watu damu yao iko sawa na sababu ni nyingine kabisa, ndiyo maana unapimwa kwanza, huendi dukani kununua vidonge kwa sababu Hawayu wa Wema amekuambia.

Nikaanzishiwa sindano. Dawa yake ni nyekundu kama sharubati, na mara ya kwanza nilidhani wananirudishia damu waliyochukua. Leo unadungwa, kesho unapumzika, keshokutwa unarudi kwenye benchi. Pamoja na sindano kulikuwa na vidonge vya chuma vilivyofanya choo kuwa cheusi, na hakuna aliyenitahadharisha, nikaandika wosia kichwani. Mwili haukurudi kwa mpangilio nilioutarajia. Kabla ya mdomo ilirudi njaa. Halafu asubuhi moja nilikanyaga sakafu ya binti shangazi nikasikia baridi, baridi ya kweli ya saruji chini ya nyayo, nikasimama pale nikiikanyagakanyaga. Vidonda vikafunga kimoja baada ya kingine, na nilipongoja vipya, havikuja.

Kila nilipompigia Jilo simu niliuliza kuhusu mpunga. "Uko," alijibu.

"Nani anaita?"

Akakwepa: "Wewe pona tu, mama watoto."

Jina nililijaza mwenyewe. Niliona kabisa Hadhaya amesimama katika shamba lake.

Siku ya kurudi gari lilichelewa, nikalala Garsen kwa rafiki wa Jilo, na alfajiri tukaondoka na bodaboda. Tulipofika mahali njia inapoliacha pori na bonde linafunguka, nilimgonga Jilo begani azime injini. Mashamba yalikuwa yameanza kuita. Nilimsikia Haluwa, mwito wake wa kukohoakohoa. Nikasikia wengine kwa mbali. Kisha kutoka kwenye shamba langu nikajisikia mimi. "Nawaonaaa, nawaona-hee." Mwembamba, ukapanda, ukakatika pale pale ninapoukata.

Nywele zilinisimama. Nikamwambia Jilo, "Nimekufa?"

"Hujafa," akasema, na nikaona anajaribu kutocheka. "Ni yule."

Nilikwenda kwa miguu kwenye tuta la mfereji mpaka chini ya dungu. Hadhaya alikuwa amesimama juu, mwili wote ule mkubwa, amefunga kanga kichwani, na kutoka kwenye kifua kile kipana inatoka sauti yangu nyembamba. Ilimgharimu. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka, na alipoinama kunisalimia sauti yake ya kawaida ilikuwa imekwisha kabisa, ni mkwaruzo mtupu.

"Mbona unaita kama mimi?" nikamuuliza.

"Ndege wamekuzoea wewe," akasema, akanigeuzia mgongo akaendelea na kazi.

Nilidhani ni utani wake wa siku zote. Mpunga ulikuwa umesimama, umeinama kwa uzito, na pembeni tu ndipo palipokuwa na makapi ya zile siku zangu. Mchana ule alinipikia kambare wa nazi akaniwekea mbele. Nilimtazama yule samaki kama anayetazama mtu aliyemkosea na hajui aanzie wapi. "Kula," akasema kwa sauti yake ya mkwaruzo, "ukifa nitasema ulikuwa mtiifu." Nikala. Kesho yake niliamka nikapitisha ulimi kila pembe ya mdomo, nikatafuta kidonda kipya, hakipo. Nikala tena.

Sikurudi kulinda ndege mpaka tulipovuna. Niliendelea na sindano pale Garsen, mara moja kwa mwezi, na Hadhaya aling'ang'ania kubaki juu ya dungu. Nimekwisha kuona watu wema maishani, lakini wema wa kawaida ni wa siku moja, mtu anakuletea bakuli la uji akaenda zake. Huyu aliamka kiza bado hakijatoka, akawaacha wanawe na wanangu wakiwa wamekula, akapanda, akaita mpaka jua likazama, akashuka akachota maji. Na utani haukupungua hata chembe. Mtu anayekufanyia jambo kubwa kiasi kile kisha akakutukana kwa furaha, hakuachii nafasi ya kujiona mzigo. Sijui kama alijua kwamba hiyo nayo ni dawa. Nafikiri alijua.

Kisha kiangazi kikapita, mto ukatikisika tena, na Baba Mdogo Komora akaja kugawa. Tulisimama kwenye tuta, sisi wa nyumba ile na majirani wa pande zote. Alipofika kwenye shamba langu alimtazama Hadhaya, akanitazama mimi, na wote tuliokuwepo tulikuwa tunajua kwamba msimu uliopita mimi nilikuwa Malindi. Hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote Wema, hata kwa mbuzi.

"Hapa," akauliza, "mlisikia mwito wa nani?"

Haluwa alikuwa anakwangua tope kisiginoni. Hakuinua uso. "Wa Hawayu," akasema. "Kila alfajiri. Hata siku za mvua."

Jirani wa upande wa juu akasema hivyo hivyo.

Baba Mdogo akamgeukia Hadhaya. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekaa juu ya dungu la wifi yangu," akasema. "Kama kuna mtu aliyenisikia nikiita kwa mwito wangu, hata asubuhi moja, aseme."

Hakuna aliyesema. Baba Mdogo alipangusa mdomo kwa kiganja kuficha kicheko, akasema shamba linaendelea na mwenyewe, akapiga hatua kwenda shamba linalofuata. Mimi nilikaa chini juu ya tuta. Ndipo nilipoelewa. Angeita kwa sauti yake mara moja tu, shamba lingekuwa lake, na hakuna mtu, hata mimi, ambaye angempa lawama. Alikuwa amelikataa kila alfajiri kwa msimu mzima, na shingo yake ndiyo iliyolipa.

Nilimkuta jioni anaosha vyombo. Nikamuuliza kwa nini, naye akajaribu utani, akasema nikifa nani atampikia. Sikuondoka. Akasugua sufuria kwa muda, kisha akasema bila kunitazama, "Mimi nilinyang'anywa duka nikiwa edani. Watu waliingia wakibeba mizani na mimi nimelala chini nalia. Siwezi kumfanyia mtu hivyo akiwa amelala. Haya, nipe hicho kikombe."

Nakwenda Garsen kudungwa mpaka leo, kila baada ya miezi michache, na kila nikikaa kwenye benchi lile natafuta mtu anayemeza mate kwa uchungu. Nikimwona namuuliza anakula nini. Wakati mwingine ananitazama kama mwendawazimu. Ganzi ya vidole viwili vya mguu wa kushoto haijaondoka, daktari alisema huenda nikabaki nayo, nasi tumezoeana. Ukiona dalili nilizokueleza usingoje miaka kama mimi.

Baba Mdogo Komora alimpa Hadhaya kipande cha pori la matete kwenye kona ya mto, chini ya shamba la Haluwa. Kilikuwa kimelala miaka mingi, hakuna aliyekitaka. Tulikifyeka sisi wawili na Jilo, panga kwa panga, na nilifurahi kuona kwamba anayesimama kupumua mara nyingi ni yeye. Mto ukaja ukaondoka. Mpunga wake ukaota kwa pupa, kama ardhi iliyokuwa inangoja kuulizwa.

Punje zilipotia maziwa nilipanda dunguni kwangu kiza bado hakijatoka, nikaita, mdomo mzima, bila kuchagua upande. Haluwa akajibu na kikohozi chake. Kisha kutoka kwenye kona ya mto ukaja mwito ambao sijawahi kuusikia. Ulikuwa mzito, wa polepole, umeanzia chini kabisa kifuani, na katikati ulivunjika kidogo karibu uwe kicheko. Nilishusha kombeo nikasikiliza. Akaita tena. Ndege waliofukuzwa kule wakaja wakatua kwangu, nikawaacha kidogo.